Kipande cha Wenyewe

Urbano Ntandu hakuwahi kumwamini mtu anayecheka kabla hajasalimia. Ndiyo maana mpaka leo anajilaumu. Yule kijana wa kamera alishuka kwenye gari meno yote nje, na Urbano, badala ya kujifanya ana kazi nyuma ya nyumba, akamtolea kigoda.

Ilikuwa mwezi wa nane, huko Mitundu, alizeti zimeshapigwa na vumbi limeshika kila kitu mpaka kope. Kijana aliitwa Michael. Alitoka kwenye televisheni moja ya mtandaoni, zile ambazo mtu anazitazama kwenye simu amejilaza, na alikuwa anatafuta mrina asali wa kienyeji: mwenye mvi, anayetumia mizinga ya magogo, siyo haya masanduku ya mbao yaliyoletwa na miradi. Kijijini walimwelekeza kwa Urbano kwa sababu mbili. Ya kwanza, mvi anazo. Ya pili, siku hiyo ilikuwa ya mnada na warina wengine wote hawakuwepo.

Tuseme ukweli, kazi Urbano anaijua. Ana miaka sitini na saba, na arobaini na mitano kati ya hiyo ameiishi nusu nyumbani, nusu porini. Hakuzaliwa kwenye nyuki. Alizaliwa upande wa Ikungi, kwa wafugaji, na babu yake mzaa baba akisikia mvumo wa nyuki alikuwa anawaachia watu ng'ombe na kukimbia. Urbano alifika Mitundu kijana wa kutafuta maisha, akapokelewa na mtu mmoja mkimya, mwenye makovu ya moto mikononi, jina lake Paskali. Paskali ndiye aliyemfundisha kuchonga gogo, kulipaka nta ndani ili nyuki wavutike, kuwasha kienge cha nyasi na kukifukiza bila kuwaunguza mabawa. Alimfundisha pia kwamba mrina hamalizi mzinga. Ukishakata masega unaacha kipande, na kipande hicho kinaitwa cha wenyewe. Wenyewe ni nyuki. Anayekomba mpaka mwisho, Paskali alisema, asije kulalamika mwakani wakimkimbia.

Paskali alifariki miaka sita iliyopita. Mizinga yake ilibaki kwa mwanawe Calist, fundi ujenzi, ambaye alihamia Nduguti ofisi mpya za wilaya zilipoanza kujengwa kule. Siku ya kuondoka Calist aliomba jambo moja: "Baba, uniangalizie mizinga ya mzee." Na Urbano aliiangalia. Kila mzinga wa Paskali una chapa, mistari miwili na duara chini yake, iliyochomwa kwa chuma cha moto. Chapa ya Urbano ni kwato ya mbuzi. Mtu wa Mitundu anaweza kusahau jina la mtoto wako, lakini chapa ya mzinga wako haisahau.

Basi Michael akakaa, akanywa uji, akasema anataka kumrekodi mzee akirina. Urbano akamweleza kwamba mizinga yake iko mwendo wa saa nne kwa miguu, na kwamba hairinwi mchana. Inarinwa jua likizama, nyuki wakitulia. Michael akatazama saa, akatazama jua.

"Hakuna mzinga wa karibu, mzee?"

"Upo mmoja, njia ya kuingilia kijijini. Lakini ni mtupu, nyuki walihama tangu malori yaanze kupita pale. Halafu si wangu. Ni wa marehemu rafiki yangu."

"Hatuandiki jina la mtu. Ni picha tu. Asali unayo ndani?"

Asali ilikuwepo, ndoo ya masega meusi aliyoyatoa kwenye mzinga aliouacha miaka miwili bila kuugusa. Na hapo ndipo mtu mzima alipokubali kuchezeshwa. Walikwenda mpaka kwenye ule mtundu ulio kando ya barabara, mti mfupi wenye tawi la chini, Urbano akapanda ngazi, akayapanga masega yake ndani ya gogo tupu la Paskali, akashuka. Akaambiwa avue shati, maana lilikuwa na maandishi ya kampeni ya chanjo, ajifunge kiunoni ngozi ya mbuzi ambayo mkewe Eliza alikuwa anaanikia mlenda. Akapanda tena, saa saba ya mchana, kienge kinafuka moshi na hakuna nyuki wa kufukizwa, akayatoa masega yaleyale aliyoyaingiza, akiyainua juu ili jua liyapige. Asali ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Alirudia mara tatu. Ya tatu ndiyo Michael alisema imetoka vizuri.

"Kazi hii umerithi kwa nani?" akaulizwa mwishoni, akiwa bado juu ya ngazi.

"Nilifundishwa na marehemu Paskali, rafiki yangu."

Michael akashusha kamera. "Mzee wangu, rafiki hana mvuto. Watu wanapenda urithi. Sema babu."

Urbano akasema babu. Alipolitamka aliweka na mkono kifuani, jambo ambalo hakuna aliyemwagiza, na hilo ndilo linalomuuma kuliko yote. Michael na wenzake aliokuja nao wakaanza kukunja nyaya zao. Yeye akayarudisha masega kwenye ndoo, na mkono ukafanya ulichokizoea miaka arobaini na mitano: ukaacha kipande ndani. Mzinga mtupu, nyuki hakuna, naye anawaachia wenyewe chao. Hakuwaza hata kidogo. Alishuka, akatafuta shati lake.

Mvua zikanyesha, msitu ukachanua, mambo yakasahaulika. Mwezi wa pili mjukuu wake Happiness, anayesuka nywele za watu pale senta, akaja na simu mkononi na wateja wawili nyuma yake, mmoja nusu ya kichwa hakijasukwa. "Babu, uko hewani," akasema.

Ilikuwa video ya dakika tisa. Zilipigwa ngoma ambazo siku ile hazikupigwa. Walivuma nyuki ambao hawakuwepo. Sauti nzito ya mtu asiyeonekana ikasema huyu ndiye mlinzi wa mwisho wa siri ya ukoo, na mzinga huu aliachiwa na babu yake. Kisha Urbano akajiona, kifua wazi, ngozi kiunoni, anainua sega jeusi linalodondosha asali. Alijiona mrefu kuliko anavyojifahamu. Eliza alicheka mpaka akakaa chini. Happiness akasema watu laki nne wameshaitazama, na Urbano akamuuliza laki nne hao wamemjulia wapi.

Ilikuwa tamu, tusidanganyane. Kwa wiki mbili hivi alikuwa anapita dukani bila haja ya kitu. Wakimwita Mzee wa Nyuki, anageuka. Lakini Urbano ni mtu wa kunusa, na hakukaa sana akaanza kusikia harufu isiyo ya asali.

Kwanza ilikuwa stendi ya Itigi. Abiria mmoja alimtazama, akatazama simu yake, akamtazama tena, akasema, "Hapana, siye. Yule ni mzee hasa." Urbano alikuwa amevaa suruali ya kitambaa na shati la kanisani. Alitaka kumjibu, lakini huwezi kumwonyesha mtu uso wako kama ushahidi wakati ndio huohuo anaoukataa. Alipanda gari amenuna.

Pili ilikuwa nyumbani. Alimkuta Eliza anawasimulia wageni habari za babu mrina asali, na jinsi alivyomkabidhi mjukuu mzinga akiwa kitandani mahututi. Hilo la kitandani halikuwemo hata kwenye video. Wageni walipoondoka akamkalisha.

"Mama Peniel, babu yangu alikuwa anaogopa nyuki. Unajua hilo."

"Najua, Baba Peniel. Lakini ulisema mwenyewe na dunia imekusikia. Sasa mimi ndiye nimkatae mume wangu mbele ya watu?"

Akamtazama mke aliyeishi naye miaka arobaini na kujiuliza anazungumza na yupi, Urbano aliyemuoa au yule wa ngozi. Kibaya zaidi, siku moja akiwa anachonga gogo alimkumbuka babu yake vizuri kabisa, amesimama juu ya ngazi, kienge mkononi. Ilibidi aweke tezo chini. Kumbukumbu ile haikuwa yake, lakini ilikuwa na rangi kuliko zile alizo nazo za kweli. Babu wa kweli alibaki mgongo tu, unakimbia.

Tatu ikaja kwa warina wenyewe, na hapo hapakuwa na utani tena. Ilianza na Abraham, ambaye mizinga yake inapakana na ya Urbano kule porini na ambaye wamegawana naye tumbaku miaka yote.

"Urbano, siku ile ulirina mchana, kifua wazi, na nyuki hakukugusa hata mmoja. Unatumia dawa gani?"

"Hawakuwepo nyuki, Abraham. Mzinga ulikuwa mtupu."

"Tuliwasikia."

"Wamewekwa. Sauti imewekwa tu."

"Na asali imewekwa?"

"Niliiweka mimi."

Abraham alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mdomoni. Tangu siku hiyo ikatembea habari kwamba Urbano ana dawa ya kulaza nyuki, na mwenye dawa hiyo anaweza kufungua mzinga wa yeyote, saa yoyote, akaufunga bila mwenyewe kujua. Miaka yote mzinga ukikutwa mwepesi huwa analaumiwa nyegere. Mwaka huu nyegere hakutajwa hata mara moja. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na kama halipo laja, huku macho yakiwa kwa Urbano.

Naye akawa mtu wa kuhesabu macho. Mtu akishika simu wima, anageuza uso. Watu wakinyamaza anapofika, anajua wamemsema. Wasiponyamaza, anajua wamebadilisha mazungumzo. Ule mti wa kando ya barabara aliacha kabisa kuupita, asije mtu akamwona karibu yake na kuongeza neno. Akawa anazunguka kwa njia ya mbugani, nyuma ya mashamba, mara mbili ya urefu. Kwa hiyo miezi mitatu mizima hakuinua macho kuutazama mzinga wa Paskali, yeye aliyeachiwa auangalie.

Mwezi wa tano akaja Calist. Aliiona video kule Nduguti wakati wa chakula cha mchana, kwenye simu ya saidia fundi wake. Mwenzake alikuwa anatazama mzee. Calist aliona gogo. Aliisimamisha picha, akaikuza mpaka ikaonekana mistari miwili na duara chini. Kesho yake aliacha ukuta nusu, akapanda mabasi mawili na pikipiki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona hukutuma salamu kwamba unakuja?"

"Ningetuma, ningekuta mmejiandaa."

Hakukaa. Eliza alileta maji, akayapokea kwa mikono miwili kwa heshima, akayaweka chini bila kuyanywa. Urbano aliyatazama yale maji kuliko alivyomtazama mgeni. Mtoto wa Paskali hajawahi kukataa maji ya nyumba ile.

"Baba, mzinga wa mzee wangu umekuwa wa babu yako lini?"

Urbano akasimulia yote, gari, jua, ndoo, ngazi. Alivyozidi kusimulia ndivyo alivyosikia mwenyewe kwamba ni uongo wa mtu aliyekamatwa. Nani anaingiza asali kwenye mzinga mtupu ili aitoe? Calist akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akawasha simu, akamwekea usoni pale asali inapotiririka kwenye kiwiko.

"Nikuamini wewe au niamini macho yangu?" akauliza, kwa sauti ya chini.

Warina wa Mitundu wana kikundi, kimeandikishwa, kina muhuri na ghala. Lakini sheria yao kubwa ni ya zamani kuliko muhuri. Anayefungua mzinga wa mwenzake bila ruhusa haingii tena msituni. Chapa yake inakwanguliwa kwenye mizinga yake yote, na hakuna atakayemwachia moto wala njia. Miaka thelathini haijatumika. Sasa ilikuwa inamsogelea mtu wa miaka sitini na saba asiyejua kazi nyingine, na aliyeipeleka mezani ni mtoto wa mwalimu wake. Lakini si msitu uliomnyima Urbano usingizi. Aliwaza kwamba atakufa akiitwa mwizi na mdomo uliokuwa ukimwita baba.

Kikao kilikaa kwenye kibaraza cha ghala. Mwenyekiti ni Theodora, mama wa miaka hamsini na kitu, mwanamke wa kwanza kutundika mizinga pale. Wanaume walimcheka wakati ule, naye ana orodha yao kichwani. Simu ilizungushwa kama sahani ya sadaka, kila mtu akaitazama tena ingawa wote walikwisha kuitazama. Abraham akasema ushahidi gani unatafutwa wakati mtu amejirekodi mwenyewe. Wakaguna kukubali.

"Simu nimeiona," Theodora akasema. "Simu siyo mzinga. Urbano, unasema ulikuwa mtupu?"

"Mtupu, mwenyekiti. Buibui tu na nondo wa nta."

"Na nyuki walihama mwaka gani?"

"Barabara ilipotanuliwa. Huu wa nne."

"Basi twende tukautazame. Buibui wa miaka minne hawezi kujificha."

Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili Urbano akapumua. Hatimaye kilipatikana kitu cha kushikwa kwa mkono. Alitembea mbele ya wote, karibu akimbie, na ndiye aliyefika wa kwanza chini ya mti. Ndiye aliyeusikia wa kwanza pia.

Mzinga ulikuwa unavuma.

Nyuki waliingia na kutoka kwenye tundu, wamebeba chavua miguuni, wametulia kama watu wa kwao. Warina wakafika mmojammoja na kila aliyefika aliinua macho juu. Abraham akasema taratibu, "Mtupu huo." Hakuna aliyecheka. Urbano akashika shina la mti. Na pale, mbele ya watu wote waliomfahamu, alifanya jambo la ajabu: alijishuku. Labda ulikuwa umejaa. Labda asali niliikuta humo kweli, na habari ya ndoo ndiyo niliyoitunga. Labda ninayo hiyo dawa. Aliutazama mkono wake wa kulia kama mkono wa jirani.

Wakasubiri jua lizame. Calist akawasha kienge, akapanda ngazi, akafukiza polepole kama alivyofundishwa na babaye, akafungua kifuniko cha nyuma. Akakata sega moja akalishusha. Lilikuwa jeupe, zito, limefungwa vizuri.

"Asali ipo," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeomba akose.

"Si nilisema," Abraham akadakia. "Mwezi wa nane alirina, nyuki wakajenga upya. Tunasubiri nini?"

Theodora akamwambia Calist asogee, akajifunga khanga vizuri, akapanda yeye pia na tochi. Alikaa na kichwa mle mzingani muda mrefu, mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Calist, ingiza mkono. Gusa hapa juu, masega yaliposhika. Yameshika kwenye nini?"

"Kwenye gogo, mama."

"Mzinga uliorinwa masega meusi, juu hubaki nini?"

Calist akapapasa. "Mashina. Pale kisu kilipopita hubaki mashina meusi."

"Yapo?"

"Hayapo. Ni gogo kavu tu."

"Na huku mwisho, nyuki hawajafika. Hawa buibui walizaliwa juzi?" Akamulika tochi chini kabisa, kwenye sakafu ya mzinga. "Sasa hiki ni nini?"

Calist alikitoa kwa shida, maana nyuki walikuwa wamekigundisha kwa gundi yao. Kilikuwa kipande cha sega jeusi, ukubwa wa kiganja, kimekatwa kwa kisu pande zote. Kikapita mkono kwa mkono. Hapakuwa na haja ya kumweleza mtu. Nyuki hujenga akishuka, kutoka juu kwenda chini, hajengi kutoka sakafuni. Kipande kile kiliwekwa na mtu.

"Mwizi hapeleki asali mzingani, Abraham," Theodora akasema, akishuka. "Au wewe umewahi kumwona?"

Abraham akawa ameona kitu kwenye kiatu chake.

"Ni cha wenyewe," Urbano akasema. Sauti ilimtoka ndogo. "Niliwaachia. Mkono ulijiachia tu." Na warina wakaelewa palepale, kwa sababu kila mmoja wao angefanya vilevile, hata kwenye mzinga mtupu, hata mbele ya kamera. Nta ya kipande kile ilinukia mpaka maua ya mwisho wa mvua, kundi lililokuwa linahama likaisikia, likaingia. Video ilidanganya kwamba mzinga una nyuki, na nyuki wakaja.

Theodora akatangaza pale pale kwamba chapa ya kwato ya mbuzi haitaguswa. Watu wakamshika Urbano mkono, wengine kwa mikono miwili, wakaondoka wakizungumza mambo ya mvua. Calist alibaki nyuma akifunga kifuniko. Alikuwa ameacha masega yote ndani, isipokuwa lile moja.

"Asali hukuiba, baba," akasema aliposhuka. "Nimeshika kwa mkono wangu. Unisamehe."

"Yameisha, mwanangu."

"Lakini ile video nimeitazama mara nyingi sana. Sikuwa natafuta asali. Nilikuwa namtafuta mzee wangu, nikidhani labda utamtaja mwishoni."

"Nilimtaja. Walikata."

"Halafu ukasema babu," Calist akasema. "Ukaweka na mkono kifuani."

Urbano akaishika ngazi, ingawa hakukuwa na mtu juu yake.

"Watu laki nne wanajua mzinga huu ni wa babu yako. Baba yangu hayumo popote." Calist alikuwa anazungumza macho chini, kama inavyompasa kijana mbele ya mzazi. "Mizinga yake endelea kuiangalia, maana hakuna mwingine anayeijua. Ila ukienda, baba, nenda na mtu."

Aliyasema kwa adabu yote. Angemtukana ingekuwa afadhali. Usiku ule alilala nyumbani kwa Urbano, akala ugali wa uwele, akanywa maji, na asubuhi akarudi Nduguti kumalizia ukuta wake.

Urbano alimtafuta Michael kwa simu ya Happiness. Michael alifurahi kumsikia, alicheka kabla ya kusalimia. Video haiwezi kufutwa, akasema, imeshachukuliwa na wengine, imekatwa vipandevipande, hata yeye hajui iko wapi. Ila hiki kisa cha kusingiziwa wizi ni kizuri sana. Anaweza kuja warekodi sehemu ya pili, na safari hii mzee atamtaja huyo rafiki, kama bado anamkumbuka vizuri. Urbano akamrudishia mjukuu simu.

Sasa ni mwezi wa sita, msimu wenyewe. Mizinga ya Paskali iko saba, na njia yake inaanzia kwenye ule mtundu wa kando ya barabara. Eliza miguu inamsumbua, hawezi porini. Abraham alijitolea kumsindikiza, na Urbano akamkatalia. Kwa hiyo jioni zinamkuta ameketi kwenye njia panda, kamba begani, kienge hakijawashwa, anangoja mtu yeyote anayeelekea huko. Siku nyingine hapiti mtu, anarudi nyumbani.

Juzi alisimama mwendesha pikipiki mgeni, kijana mwenye koti la kuvaliwa kwenye jua kali na kwenye baridi vilevile. Alimtazama Urbano, akatoa simu, akapekua, akaipandisha ikawa sambamba na uso wake, akalinganisha.

"Nilidhani wewe ni yule mzee wa nyuki," akasema. "Kumbe siye."

"Siye," Urbano akakubali, akasimama na kujikung'uta vumbi. "Ila kuna mizinga ya mtu hapo mbele, na nimeambiwa nisiende peke yangu. Nisindikize, mwanangu."